Kiwavi naye ana askari wake: juu ya nini dawa ya bakteria inataka kuwahi



Katika msimu A uliopita tulipita kwenye mashamba mawili ya mahindi yanayopakana. Wenyewe ni wanachama wa ushirika mmoja. Walinunua pamoja pakiti ya dawa ya Bt, ile dawa ya unga inayotokana na bakteria, wakagawana nusu kwa nusu. Wa kwanza alipuliza jioni ile ile alipoona majani yameanza kuwa na madirisha madogo madogo. Wa pili alikuwa kwenye matanga kwao, akarudi kisha siku kumi. Alikuta viwavi wamenona ndani ya moyo wa muhindi. Na kwa kuwa shamba lake ni kubwa kidogo, akaongeza maji kwenye pompi ili dawa ienee mpaka mwisho wa mistari.

Tulipofika, shamba la kwanza lilikuwa linasimama muzuri. La pili lilikuwa majani yaliyochanika, na mavi ya viwavi yamejaa ndani ya moyo wa kila mmea sawa unga wa mbao. Yule mwanachama alituuliza swali ambalo tunalisikia mara mingi: dawa ni moja, pompi ni moja, basi juu ya nini kwangu imekataa? Na wengine waliokuwa pale walianza kusema dawa ya bakteria ni uongo mtupu, afadhali kurudia sumu kali.

Dawa haikuwa uongo. Jibu liko ndani ya mwili wa kiwavi. Kiwavi si kitu cha kulala tu na kungoja kufa. Ana kinga, ana askari, na anajua kutambua bakteria inapoingia. Katika namba hii tunaeleza ile kinga inavyofanya kazi, kwa sababu mkulima anayeielewa hatapoteza pesa yake wala mavuno yake.

Adui tunayemjua

Kiwavi tunayemsema ni yule wa mahindi, ambaye maagronome wanamuita kiwavi jeshi. Kwao ni Amerika. Katika Afrika alitangazwa kwa mara ya kwanza mwaka 2016, upande wa magharibi, na ndani ya miaka miwili alikuwa ameenea karibu nchi zote za kusini ya Sahara, Kongo yetu ikiwa ndani. Ukimuangalia kichwani utaona alama nyeupe sawa herufi Y iliyogeuzwa kichwa chini, na karibu na mkia ana madoa manne meusi yaliyopangwa sawa pembe nne za meza.

Anapita hatua sita kabla ya kuingia katika udongo. Akitoka katika yai ana karibu milimita 2 tu. Katika hatua ya tatu ana karibu milimita 6. Katika hatua ya sita anafika milimita 34 hivi. Sehemu kubwa ya chakula anachokula katika maisha yake anakila katika hatua za mwisho. Ndiyo maana mkulima anaweza kulala shamba likiwa zima, na kisha siku chache akalia.

Bt inaingiaje?

Bt ni kifupi cha jina la bakteria, Bacillus thuringiensis. Mwaka 1901 mtaalamu wa Japani, Ishiwata, aliikuta katika viwavi wa hariri waliokuwa wanakufa. Kisha miaka kumi, mwaka 1911, Mjerumani Ernst Berliner aliikuta katika viwavi wa nondo wa unga, wale wanaoharibu unga kwenye maghala, katika jimbo la Thuringia. Jina lake linatoka pale. Ufaransa ilianza kuiuza kama dawa ya mashamba mwaka 1938. Kwa hiyo si dawa ya jana.

Bakteria hii inatengeneza kijiwe kidogo cha proteini. Kiwavi akila jani lenye kile kijiwe, kinayeyuka ndani ya utumbo wake, kwa sababu utumbo wa kiwavi una ukali wa aina ya magadi. Tumbo letu sisi watu lina ukali wa namna nyingine, wa ndimu, na chembe za tumbo letu hazina mahali pa kile kijiwe kushika. Ndiyo maana kinachomuua kiwavi hakituui.

Kikishayeyuka, kinashika kwenye ukuta wa utumbo na kutoboa matundu. Ndani ya saa chache kiwavi anaacha kula. Kupitia matundu yale bakteria zinatoka utumboni na kuingia katika damu yake. Vita ya kweli inaanzia hapo.

Kiwavi anajuaje kwamba mgeni ameingia?

Mdudu hana kinga sawa ile yetu inayojenga kumbukumbu ya surua ao ya pepopunda kisha chanjo. Lakini ana njia moja ya zamani sana, na ni ya akili.

Fikirini nyumba ya udongo. Kabla ya kukandika, mtu anasimamisha miti, anaweka fito, anazifunga kwa kamba. Ukuta wa bakteria umejengwa hivyo. Fito zake ni minyororo ya sukari, kamba zake ni vipande vifupi vya proteini. Wataalamu wanauita peptidoglikani. Katika mwili wa mdudu hakuna kitu cha namna hiyo hata kidogo. Basi mdudu akikuta kipande cha fito zile katika damu yake, hahitaji kuuliza huyu ni nani. Ule ni ukuta wa mgeni.

Kuna zaidi. Sawa vile kila kabila lina namna yake ya kufunga fito, bakteria nazo hazifungi kamba kwa namna moja. Mwili wa mdudu unaweza kutofautisha fundo hili na lile, na kuchagua kengele ya kupiga. Proteini zinazofanya kazi hii ya kutambua ukuta zilipatikana kwa mara ya kwanza katika damu ya kiwavi wa hariri; ni wataalamu wa Japani walioitangaza mwaka 1996.

Angalieni jambo hili vizuri: bakteria si lazima iwe hai. Vipande vya ukuta wake peke yake vinatosha kuamsha kinga. Katika maabara, wataalamu wanamdunga mdudu vipande vilivyosafishwa, bila bakteria hata moja inayopumua, na mwili wake unaingia katika vita sawasawa.

Silaha tatu

Kengele ikisikika, silaha ya kwanza ni chembe askari. Zinatembea katika damu, zinameza bakteria mojamoja. Bakteria zikiwa mingi, zile chembe zinajikusanya na kuzifunga pamoja katika fundo.

Silaha ya pili ni weusi. Damu ya mdudu inatoa rangi nyeusi inayoganda juu ya kidonda na juu ya yale mafundo, na katika kazi ile inatoa pia sumu ndogo zinazoua mikrobe. Hata shambani mtu anaweza kuiona: kiwavi aliyechomwa na mwiba anabaki na doa jeusi mahali alipoumizwa. Ule si uchafu, ni kinga yake ilipofanya kazi. Silaha hizi mbili zinaanza haraka, ndani ya dakika na saa za kwanza.

Silaha ya tatu inachelewa, lakini ni kali. Kiwavi ana kiungo cha mafuta kinachofanya kazi sawa ini letu. Kikisikia kengele, kinaanza kutengeneza proteini ndogo ndogo zinazopasua bakteria. Hiyo inachukua saa mingi. Katika Sweden, Hans Boman na wenzake waliwadunga bakteria nondo wakubwa wa Amerika waliokuwa bado katika hali ya buu, na kisha waliona damu yao imekuwa sawa dawa: bakteria zinazowekwa ndani zinakufa. Mwaka 1981 walitangaza dawa ile ni nini, wakaiita sekropini.

Kengele zenyewe nazo zilifuatwa. Mwaka 1996, kule Strasbourg, Ufaransa, kikundi cha Jules Hoffmann kilionyesha kwamba inzi mdogo wa matunda akikosa kengele moja inayoitwa Toll, neno la Kijerumani lenye maana ya “ajabu”, ukungu unamuua. Kisha wataalamu walikuta kwamba sisi watu pia tuna kengele za ukoo ule ule, na mwaka 2011 Hoffmann alikuwa kati ya watu watatu waliopewa Tuzo ya Nobel. Kumbe kiwavi anayekula mahindi yetu na mtoto wetu mwenye homa wanatambua mikrobe kwa njia zinazofanana.

Bakteria nayo haiji mikono mitupu

Kama kiwavi ana silaha zote hizi, Bt inamuua namna gani? Kwanza kwa kutoboa utumbo. Pili, Bt inatoa proteini inayokatakata zile sekropini kabla hazijaiua. Wataalamu wa Sweden waliitambua hiyo katika miaka ya 1980. Ni sawa mwizi anayeingia kijijini na kuanza kwa kuvunja mikuki ya walinzi.

Bakteria nyingine zina ujanja zaidi. Kuna minyoo midogo ya udongo ambayo jicho haliioni, inayobeba bakteria tumboni. Mnyoo unaingia katika kiwavi, unaziachilia, na zile bakteria zinazima kengele yenyewe, hata askari hawaitwi. Jirani zetu wa Rwanda wanaizalisha minyoo hiyo, na wameijaribu juu ya kiwavi jeshi katika mashamba ya mahindi.

Ni mbio

Sasa turudi kwenye mashamba yetu mawili.

Kiwavi wa milimita 3 ana utumbo mdogo na damu kidogo. Akila jani lenye kipimo kamili, matundu ni mengi kwa mwili mdogo, na bakteria zinajaa ndani yake kabla kile kiungo cha mafuta hakijamaliza kazi yake. Bakteria inashinda mbio.

Kiwavi wa milimita 25 ni habari nyingine. Kipimo kile kile kwa mwili mkubwa ni kidogo. Utumbo wake una chembe za akiba: zile zilizotobolewa zinatupwa, mpya zinaota mahali pake. Anaacha kula kwa muda, askari wake wanafunga bakteria chache zilizopita, sekropini zinafika kwa wakati. Siku mbili ao tatu, anarudia kula. Tena viwavi wakubwa wanajificha ndani ya moyo wa muhindi na kuziba mlango kwa mavi yao. Dawa haiwafikii vizuri.

Yule mwanachama wa pili alikutana na hayo yote mawili: viwavi wakubwa, na dawa iliyopunguzwa kwa maji.

Na kupunguza dawa kuna ubaya mwingine ambao wengi hatuujui. Mwaka 2004 wataalamu wa Australia walitangaza majaribio yao juu ya nondo wa unga, yule yule ambaye Berliner alimsoma kule Thuringia. Viwavi waliokula kipimo kidogo cha Bt, kisichoua, kinga yao iliamka na ikabaki juu. Kisha wakastahimili Bt kuliko wenzao. Na mama waliopita hapo walipeleka ustahimilivu ule kwa watoto wao kupitia mayai. Yule ni nondo wa unga, si kiwavi wa mahindi. Lakini fundisho ni wazi: anayempa mdudu dawa nusu hamuui, anamfundisha.

Vita ina bei

Kuna jambo moja la kututia moyo. Kinga si ya bure. Mwaka 2000, wataalamu wa Uswisi waliwachukua nyuki wa porini, wale wanene wenye manyoya, wakawadunga kipande cha ukuta wa bakteria tu. Hakukuwa na bakteria hai, hakukuwa na ugonjwa. Nyuki waliokuwa na chakula waliendelea kuishi. Lakini wale waliofungiwa bila chakula walikufa mbele ya wenzao wenye njaa ambao hawakudungwa. Kuamsha askari peke yake kulikula akiba yao ya mwisho.

Kiwavi aliyekula Bt anapigana vita akiwa hali. Ndiyo maana hafi siku ile ile. Anakufa kisha siku mbili mpaka tano, laini na mweusi. Wakulima wengi, wakiona kiwavi bado anatembea kesho yake, wanakimbilia sumu kali na kupoteza pesa mara mbili. Msihesabu maiti siku ya kwanza. Angalieni kama majani mapya bado yanaliwa ao hapana. Kama hayaliwi, dawa iko kazini.

Tufanye nini shambani?

Pitieni shamba mara mbili kwa juma, tangu mahindi yanapoota mpaka yanapotoa mbelewele. Angalieni mimea 10 katika mahali 5, jumla 50. Kwa mahindi machanga, kama mimea 10 ao zaidi ina alama mpya, wakati umefika. Mayai yanayolala pamoja juu ya jani, yamefunikwa na manyoya, yapondeni kwa vidole. Hiyo haina bei.

Pulizeni wakati viwavi ni wadogo, kabla hawajapita milimita 6 hivi. Alama yao ni yale madirisha: jani limekwanguliwa lakini ngozi nyembamba imebaki. Mkiona matundu makubwa na mavi mengi, mmechelewa kwa Bt. Hapo kuwatoa kwa mikono katika shamba dogo kunasaidia kuliko kumwaga dawa.

Fuateni kipimo cha pakiti. Kama dawa haitoshi shamba lote, pulizeni sehemu yenye viwavi wadogo kwa kipimo kamili. Sehemu iliyobaki muitoe kwa mikono. Msiongeze maji ili ienee.

Pulizeni jioni. Jua linaharibu Bt, na viwavi wanakula sana usiku. Elekezeni pompi ndani ya moyo wa muhindi, kwa sababu Bt haiui kwa kugusa. Ni lazima kiwavi aile. Mvua kubwa ikinyesha usiku ule, angalieni tena kisha siku mbili.

Msichanganye majivu ndani ya pompi. Tunajua wengi wanaweka majivu katika moyo wa muhindi, na ni desturi ya kazi. Lakini maji ya majivu yana ukali sawa ule wa utumbo wa kiwavi: yanaweza kuyeyusha na kuharibu vile vijiwe kabla kiwavi hajavila. Chagueni kimoja kwa siku moja.

Muulize muuzaji aina ya Bt. Ile inayoitwa aizawai mara mingi ina nguvu kuliko kurstaki juu ya ukoo wa kiwavi jeshi. Angalieni tarehe ya mwisho, na muiweke mahali pa baridi na kivuli.

Kumbukeni viwavi wetu wa kula. Bt haimdhuru mtu wala kuku, lakini haichagui kati ya kiwavi wa mahindi na kiwavi wa kwenye mti ambaye mama zetu wanampeleka sokoni. Msipulize kwenye miti ya pembeni ya shamba. Na hata kama dawa ni ya bakteria, fungeni kitambaa puani, na muoge mkimaliza.

Tulivyoachana

Yule mwanachama wa pili alivuna kidogo sana. Familia yake ilinunua unga miezi ambayo kwa kawaida ingekula ya shamba. Hatuwezi kumrudishia msimu ule. Lakini tulikaa naye na kamati, na walikata shauri mambo mawili kwa ajili ya msimu B. La kwanza: ushirika utanunua Bt kulingana na ukubwa wa mashamba yaliyoandikwa katika daftari, si kulingana na pesa iliyobaki katika sanduku. La pili: wanachama wanagawana kupitia mashamba kwa zamu, ili mtu akiwa na matanga ao mgonjwa, jirani amuangalilie mahindi yake na kupuliza kwa wakati.

Shauri la pili linatupendeza zaidi. Kiwavi mmoja akiingiliwa na bakteria, chembe askari zake zote zinakuja pamoja. Siku kumi za kuchelewa zilimpa nafasi ya kukua na kujilinda. Na siku kumi zile hazikuwa uvivu wa mtu. Ilikuwa ni kwamba hakukuwa na mwenzake wa kumuangalilia shamba. Katika namba inayokuja tutawaeleza zamu ile ilivyotembea.